Kope likilegea: lilianza lini?

Mimi ni muuguzi wa macho hapa Bukavu. Mtu akija na kope lililoshuka, swali langu la kwanza ni: lilianza lini? Wengi hawakumbuki. Basi toa kadi yako ya mpiga kura, tazama picha. Kwa mtoto, fungua zile za simu tangu azaliwe.

Halafu mketishe karibu na dirisha, macho yenu yalingane. Kope lisilo na tatizo hufunika milimita 1 au 2 tu za juu ya duara la rangi la jicho. Mshike nyusi kwa kidole gumba, maana wengi hukunja kipaji kulisaidia kope bila kujua. Mwambie atazame juu dakika nzima. Likizidi kushuka, au jioni likiwa baya kuliko asubuhi, mweleze daktari: huenda ni miastenia, ugonjwa unaochosha misuli, na unaweza kufikia kumeza na kupumua.

Watoto wengi wenye kope lililoshuka huzaliwa nalo, mara nyingi jicho moja, kwa sababu msuli wa kuinua kope haukukua vizuri. Huko Olmsted, Minnesota, Marekani, walipata mtoto 1 kati ya 842 waliozaliwa. Bibi atasema, “Amechukua kwa babu yake.” Pengine ni kweli, hali hii huweza kufuata ukoo, lakini usiishie hapo. Ziba jicho lisilo na tatizo. Mtoto akilia na kusukuma mkono wako, lile lingine halioni vizuri. Akiinua kidevu ili aone, mboni imefunikwa. Ubongo huzoea kuliacha jicho hilo, na baada ya miaka 7 au 8 kulirudisha ni kazi ngumu. Usingoje aanze shule. Wala usitie maziwa ya mama au maji ya majani.

Kwa wazee, mara nyingi ni kano ya msuli huo iliyolegea kwa umri, au baada ya kupasuliwa mtoto wa jicho. Upasuaji hurekebisha, hakuna haraka.

Haraka ni hii: kope limeshuka ghafla, kichwa kinauma, anaona viwili viwili, au mboni moja ni kubwa kuliko nyingine. Mpeleke hospitali kubwa usiku huohuo. Na kule uwanda wa Ruzizi, aliyeumwa na fira akianza kulegea kope msiseme ana usingizi: sumu imefika kwenye misuli, pumzi ndiyo itakayofuata. Mbebeni, asitembee.