Vishikio na masizi kwenye modeli ya kichwa cha treni cha dizeli

Kwenye kipimo cha 1:87, yaani modeli ndogo mara 87 kuliko treni halisi, kinachofichua plastiki mapema ni vishikio vinene. Vikate kwa wembe, toboa matundu kwa keekee ya mkono ya milimita 0.5, kisha pachika waya wa shaba wa milimita 0.4, sawa na bomba la milimita 35 kwenye treni halisi. Hapa Unguja waya huo wanao mafundi wa kusuka mota za feni. Mita moja yatosha. Bana ncha moja, vuta kwa plaizi mpaka uhisi umerefuka kidogo: hunyooka na kukaza. Paruza vanishi yake kwa msasa laini, la sivyo rangi itabambuka.

Supaglu itie kwa ncha ya sindano, upande wa ndani, kabla ya kuweka vioo. Mvuke wake huviachia ukungu mweupe.

Masizi ni makaa yaliyosagwa na kuchekechwa kwa kitambaa. Pakaza kwa brashi kavu kuanzia bomba la moshi kurudi nyuma, kidogo kuzidi upendavyo, maana vanishi inayopulizwa mwishoni hufifisha. Usipulize vanishi siku za masika: unyevu hunaswa ndani, weusi ukawa kijivu. Adhuhuri ya kaskazi ndiyo nzuri.