Kubadilisha balbu ya taa kubwa kwenye Land Rover Defender ya zamani

Balbu nyingi za Defender huuawa na mtikisiko kabla uzee haujazifikia. Barabara ya changarawe iliyojaa mawimbi, kama ile ya kutoka Ngorongoro kushukia Naabi, lango la Serengeti, hutingisha uzi wa ndani ya balbu mchana kutwa. Jioni ukiwasha taa unakuta jicho moja limefumba. Hapa nazungumzia Defender ya taa za duara za inchi 7, ile iliyoacha kutengenezwa Solihull, Uingereza, Januari 2016. Defender mpya ina taa za LED. Hiyo mpelekee fundi mwenye kompyuta.

Balbu yenyewe inaitwa H4. Ina nyuzi mbili, wa fulu na wa dimu, ndiyo maana nyuma ina miguu mitatu. Nunua ya volti 12, wati 60/55, yaani 60 za fulu na 55 za dimu. Soma maandishi ya kwenye kitako kabla hujalipa, maana dukani hukaa boksi moja na za malori za volti 24. Ukifunga ya 24 itawaka kama kibatari.

Kwanza hakikisha tatizo ni balbu

Dimu ikizimika pande zote mbili kwa mara moja, angalia fyuzi, kisha swichi ya kwenye usukani. Balbu mbili kufa dakika moja ni nadra sana. Kama ni upande mmoja, taa inawaka kwa unyonge na taa ndogo inapepesa kila ukiwasha indiketa, tafuta waya wa ethi, ule mweusi unaofungwa kwenye bodi. Umelegea au umeota kutu. Ukiona hayo yote yako sawa, chukua bisibisi ya nyota, mafuta ya kulegeza kutu, kitambaa safi, spiriti kidogo na kikopo cha kuwekea skrubu. Kikopo usikidharau. Skrubu ikidondoka kwenye majani ya kambini, imekwenda.

Hatua ya 1. Zima taa, chomoa ufunguo, subiri dakika kumi. Balbu ya halojeni inaunguza vibaya.

Hatua ya 2. Toa fremu ya plastiki inayozunguka taa. Kwenye gari nyingi utaanza kwa kutoa indiketa na taa ndogo, kila moja skrubu mbili, ndipo fremu iachie. Muda mwingi wa kazi huishia hapa. Skrubu hizi zimeingia kwenye vidude vya plastiki, na kwa gari iliyovuka mito na matope miaka kumi, skrubu huzunguka pamoja na kidude chake bila kutoka. Usitumie nguvu, utapasua fremu. Tia mafuta, kanywe chai, urudi. Ikiendelea kuzunguka, ingiza bisibisi bapa nyuma ya fremu, uivute kidogo kuja kwako huku mkono wa pili ukifungua.

Hatua ya 3. Sasa unaona pete iliyoishika taa, ina skrubu tatu ndogo. Karibu nazo kuna mbili nyingine ambazo kazi yake ni kurekebisha mwelekeo wa mwanga. Hizo mbili usiziguse! Nilipokuwa najifunza kazi nilizizungusha dakika kumi nzima nikishangaa kwa nini taa haitoki. Usiku ule tukirudi Arusha, kuanzia Mto wa Mbu gari ilimulika matawi, barabara ikabaki giza. Mzee aliyekuwa akinifundisha hakunigombeza, alicheka tu hadi Makuyuni. Fungua zile tatu, huku umeikinga taa kwa kiganja isikuangukie.

Hatua ya 4. Chomoa plagi nyuma ya taa. Vuta plagi yenyewe, waya uache. Itazame vizuri: ikiwa imegeuka kahawia au imeanza kuyeyuka, ibadilishe leo, la sivyo balbu mpya nayo utaizika baada ya wiki chache. Toa mpira wa kuzuia vumbi, bonyeza klipu, toa balbu. Kama hukuti mpira wala klipu, gari yako ina taa za kizamani zilizozibwa kabisa, na hizo hubadilishwa nzima.

Hatua ya 5. Shika balbu mpya kwenye kitako cha chuma. Mafuta ya kidole yakibaki kwenye glasi, mahali hapo hupata joto kupita kiasi na balbu hufa mapema. Ukiigusa kwa bahati mbaya, ifute kwa spiriti. Kitako kina masikio matatu. Lile pana likae juu. Funga klipu, rudisha mpira hadi ukae sawasawa, maana maji ya mtoni huingilia hapo, kisha plagi. Jaribu fulu, dimu na indiketa kabla hujarudisha fremu.

Utashawishiwa ununue balbu ya wati 100. Kataa. Wati 60 kwenye volti 12 ni ampea 5; wati 100 ni zaidi ya 8, na kwenye Defender nyingi za zamani umeme huo wote unapita kwenye swichi ya usukani. Itayeyuka. Anayetaka mwanga zaidi afunge kwanza rilei, swichi ndogo ya umeme inayobeba mzigo huo badala ya ile ya usukani. Na ukinunua taa nzima iliyotumika kutoka Dubai, kumbuka kule wanapita upande wa kulia wa barabara, sisi kushoto: kioo chake huinua mwanga upande wa kulia, moja kwa moja machoni mwa dereva wa lori anayekuja.

Hatua ya 6. Egesha mahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani, ukiwa na mzigo wako wa kawaida, kwa sababu nyuma ikilemewa pua hupanda. Washa dimu. Ukingo wa juu wa mwanga uwe kama sentimita 5 chini ya kimo cha katikati ya taa. Ukiwa juu zaidi ya hapo, sasa zile skrubu mbili nilizokukataza ndiyo zamu yake: robo mzunguko, tazama ukuta, robo nyingine.