Jinsi ya kuhifadhi habari za babu aliyepigana Vita vya Kagera

Babu yangu alikuwa mtu wa safari mpaka miguu ilipomkatalia. Alikwenda Kagera akiwa askari kijana wa JWTZ, jeshi la Tanzania, na aliporudi hakutulia: leo yuko juu ya lori la mizigo, kesho yuko ziwani. Tulimpenda sana. Alipofariki nilianza kukusanya habari zake, na haya nawaandikia wajukuu wengine mapema, maana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa anakaribia 70.

Anza na wazee, karatasi zitakungoja. Watafute waliokuwa naye kikosi kimoja, halafu bibi, halafu wadogo zake. Ukifika kwa mzee, mpe shikamoo, kaa, zungumzeni habari za nyumbani kwanza, ndipo uombe ruhusa ya kumrekodi. Weka simu kwenye hali ya ndege ili mtu asipige katikati ya maneno. Iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa, kwa sababu meza tupu hubeba kila kishindo cha kikombe.

Usimuulize, "Vita vilikuwaje?" Hapo utapewa hotuba. Muulize buti zilikuwaje kwenye matope, mvua ikinyesha usiku walijikinga na nini, nani alikuwa mchekeshaji wao, barua za nyumbani zilifikaje. Swali hili la barua ndilo lililonipa babu ambaye sikuwahi kumjua. Rafiki yake aliniambia kwamba babu ndiye aliyekuwa akiwaandikia wenzake wasiojua kuandika, na mwenzake akisahau kumsalimia mama mkwe, babu alimwongezea salamu hizo bila kuulizwa. Mzee alicheka mpaka akafuta machozi. Lakini kamwe usimuulize aliua wangapi. Na akinyamaza, nyamaza naye; asipoendelea, hamisha mazungumzo.

Kisha kila simulizi itafutie mahali na tarehe. Wazee wengi wamesahau siku lakini hawajasahau ardhi, kwa hiyo kaa na ramani kubwa, mzee aoneshe kwa kidole. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Novemba 2 Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba sababu, nia na uwezo wa kumpiga tunavyo. Daraja la Kyaka lilibomolewa siku hizo hizo, basi mzee akikueleza walivyovuka Mto Kagera kwa daraja la muda, uko kwenye miezi ya mwisho ya 1978. Akitaja Mutukula, mpakani mwa Uganda, ni Januari 1979. Masaka, ndani ya Uganda, ni Februari. Rafiki wa babu hakukumbuka jina la mahali walipokwama, ila alisema barabara ilikuwa imeinuka na kila upande ni kinamasi. Tulipofuata barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala kwenye ramani, akaweka kidole Lukaya: Machi 10 na 11, 1979. Kampala ilianguka Aprili 11.

Kuhusu vitu, maneno machache. Picha iandike nyuma kwa penseli laini: majina kuanzia kushoto, mahali, mwaka. Cheti cha jeshi usikipeleke kufanyiwa laminesheni. Ile plastiki ikishashika haitoki. Medali usizisugue kwa dawa ya kung'arishia, zitafutika maandishi. Skani kila kitu, na nakala moja akae nayo ndugu wa mji mwingine.

Kuna jambo nalishikilia kuliko yote: vita visimmeze babu mzima. Vilikwisha Juni 1979, na yeye akaishi miaka mingi baada yake. Kwenye daftari letu, safari zina kurasa nyingi kuliko mapigano. Tumeandika alivyoendesha baiskeli kutoka Biharamulo hadi Bukoba kwa sababu tu alitaka kuiona barabara ile bila bunduki begani. Tumeandika pia alivyokesha sitahani kwenye MV Victoria akitoka Mwanza, akakataa kushuka chini kulala, eti ziwa halilali. Nauli, mwenzake wa safari, shati alilovaa: ukivipata, viandike.

Kama alikuwa na rafiki ambaye hakurudi, panga safari ya Kaboya, wilayani Muleba, walikozikwa mashujaa wa vita hivyo. Julai 25, Siku ya Mashujaa, ni siku nzuri ya kukusanya familia hata kama huwezi kufika huko.

Daftari likikamilika, lisome kwa sauti mbele ya ukoo kabla ya kulichapisha. Shangazi watabisha, na ubishi wao uandike pembeni na jina la aliyebisha. Usiamue nani mkweli. Acha kurasa tupu mwishoni. Baada ya kisomo hicho, wajomba wawili walinipigia usiku ule ule, kila mmoja na safari ya babu ambayo hatukuwa nayo.