Kupima maji ya kisima chako: kuanzia chupani hadi karatasi ya majibu

Kule Kamulu mama mmoja alinichotea ndoo ya maji, akaiinua kwenye mwanga. "Ona yalivyo safi, mwanangu." Yalikuwa maangavu hadi mikwaruzo ya chini ya ndoo ilionekana. Lakini kamba aliyochotea ilikuwa imelala chini, juu ya vinyesi vya mbuzi, na ndiyo iliyokuwa ikirudi kisimani kila baada ya dakika chache. Macho hayapimi bakteria, wala ulimi hautambui floraidi, madini yanayotia meno madoa yakizidi. Kazi yangu ni kuchukua sampuli za maji pembezoni mwa Nairobi, na hivi ndivyo ninavyomwelekeza mwenye kisima.

Hatua ya 1: Zunguka kisima kabla ya kugusa maji

Pima kwa futi ya fundi umbali kati ya kisima na choo cha shimo kilicho karibu, chako na cha jirani. Ushauri wa kawaida ni mita 30 au zaidi. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina upana wa mita 15 na urefu wa mita 30, kwa hiyo hata ukipanga vizuri namna gani, choo cha jirani kinaweza kuwa hatua chache tu nyuma ya ukuta. Angalia pia mfuniko, nyufa za saruji mdomoni, na mahali maji ya mvua yanapoelekea. Andika yote. Majibu yakija mabaya, maandishi haya ndiyo yatakayokuonyesha uchafu umepitia wapi.

Hatua ya 2: Amua unapima nini

Kisima kifupi cha kuchimbwa kwa mkono, anza na E. coli, bakteria wa kinyesi, na nitreti, kemikali inayotokana na kinyesi, kwa sababu hatari yake kubwa ni vyoo na mifugo. Kisima kirefu cha mashine, usiache floraidi hata kidogo. Mawe yaliyo chini ya Nairobi ni ya volkano, na maji yanayokaa humo muda mrefu mara nyingi hubeba floraidi kupita kiasi. Ukiona watoto waliokulia hapo wana meno yenye madoa ya kahawia, umeshapata dokezo. Nguo nyeupe zikigeuka rangi ya kutu, ongeza kipimo cha chuma. Ukiwa karibu na karakana au jaa la taka, omba wapime madini ya risasi na metali nyingine nzito.

Wapo wauzaji wa vichujio wanaotumbukiza kikalamu cha kidijitali kwenye glasi yako na kukusomea namba. Kikalamu kile hukisia chumvi na madini yaliyoyeyuka kwa jumla, basi. Maji yenye kinyesi yanaweza kutoa namba nzuri kabisa.

Hatua ya 3: Chukua chupa maabarani

Mamlaka ya Rasilimali za Maji ina maabara Eneo la Viwandani, na Shirika la Viwango, KEBS, liko South C. Piga simu kwanza, uliza bei ya kila kipimo na siku wanazopokea sampuli za bakteria. Epuka Ijumaa, maana bakteria hukuzwa kwa saa 24 au zaidi kabla ya kuhesabiwa. Chupa ya bakteria lazima iwe imetakaswa na maabara yenyewe; chupa ya soda haifai hata ukiichemsha. Ya floraidi iwe ya plastiki, si ya kioo.

Hatua ya 4: Kuchota

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Maabara hupima ulichowapelekea, haioni kisima chako.

Kama kuna pampu na mfereji, ondoa mpira na kichujio cha mdomoni. Chota kwenye mfereji ulio kabla ya tangi, la sivyo utakuwa unapima tangi. Fungua maji yatiririke dakika tano. Funga, pangusa mdomo wa mfereji kwa pamba yenye spiriti (wa chuma unaweza kuupitishia moto), kisha fungua tena kwa mkondo mwembamba. Nawa mikono. Fungua chupa ya bakteria dakika hiyo hiyo, kifuniko ukishike mkononi kikitazama chini, usikiweke popote. Usiisuuze chupa hii. Jaza, acha nafasi ya vidole viwili juu, funga.

Chupa ya kemikali ni kinyume chake: isuuze mara tatu kwa maji yale yale ya kisima ndipo uijaze. Ila ile ya metali, ikiwa maabara wametia asidi ndani, usiisuuze.

Kisima cha ndoo kina ugumu wake. Ndoo ya nyumbani haitumiki. Funga kamba safi kwenye chombo cha chuma kilichochemshwa, kiteremshe bila kugusa kuta, kizamishe chini ya uso wa maji, upandishe polepole. Kisha chukua sampuli ya pili kutoka kwenye mtungi wa kunywea ndani ya nyumba. Nimekuta kisima kizuri na mtungi mchafu katika boma moja, na mwenyewe alikuwa ameanza kutafuta pesa za kuchimba kisima kipya.

Andika juu ya chupa tarehe, saa, mahali, na kama kisima kiliwekwa klorini karibuni.

Hatua ya 5: Njiani

Weka chupa ndani ya sanduku la barafu, zifike ndani ya saa sita. Niliwahi kumkabidhi mtu wa boda boda sanduku asubuhi pale Ruai, likafika jioni, barafu imegeuka maji ya vuguvugu. Bakteria walipatikana, na sikuweza kumwambia mwenye kisima kama walitoka kisimani au walizaana njiani. Ilibidi turudie kila kitu. Siku hizi napeleka mwenyewe.

Hatua ya 6: Soma majibu

E. coli iwe 0 katika mililita 100. Hata 1 ni nyingi: chemsha maji yote ya kunywa kuanzia siku hiyo.

Nitreti isizidi miligramu 50 kwa lita. Uliza kama maabara imeandika nitreti yenyewe au nitrojeni iliyo ndani yake, maana kwa hesabu hiyo ya pili kikomo ni 11. Ikizidi, usimkorogee mtoto mchanga maziwa ya kopo kwa maji hayo. Nitreti hupunguza uwezo wa damu yake kubeba oksijeni.

Floraidi kikomo ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, wala nitreti. Maji yakipungua kwa mvuke, vyote viwili huzidi. Kwa floraidi unahitaji kichujio cha mkaa wa mifupa au mtambo wa osmosi, unaosukuma maji kupitia utando mwembamba, na ukishaufunga, pima maji yanayotoka. Ukishindwa gharama, tafuta maji mengine ya kunywa na kupikia, watoto wadogo kwanza, na ya kisima yabaki ya kufua.

Hatua ya 7: Bakteria wakipatikana

Ziba nyufa na mfuniko kwanza, kisha tia klorini. Kisima chenye kipenyo cha mita 1.2 na kina cha maji mita 3 kina takriban lita 3,400. Kwa kipimo cha miligramu 50 kwa lita, utahitaji karibu gramu 260 za klorini ya unga ya asilimia 65. Tia unga ndani ya maji ya ndoo, si maji juu ya unga. Mwaga, koroga kwa kuchota na kurudisha, acha hadi kesho yake. Usiingie kisimani, na mtu yeyote asinywe maji hayo. Halafu chota na kumwaga mbali na mimea hadi harufu iishe.

Subiri wiki moja au mbili, endelea kuchemsha, kisha rudia kipimo cha bakteria. Baada ya hapo pima bakteria kila mwaka mvua za masika zinapokwisha, na kemikali kila miaka miwili au mitatu. Karatasi zote zihifadhi pamoja na hati ya ploti.