Jinsi ya kumtambua kaa wa mtoni na usubi anayemdandia

Baharini kuna kaa wanaoishi kwa kudandia wengine. Zebrida adamsii, kwa mfano, hukaa katikati ya miiba ya nungunungu wa baharini, na ncha za miguu yake hujikunja kama ndoana ili ashike mwiba asianguke. Uganda haina bahari, na huku mambo yamepinduka: kaa ndiye anayedandiwa. Mdandiaji ni lava (buu) wa usubi, inzi mdogo mweusi anayeuma, na akiwa wa spishi ya Simulium neavei akikua hueneza minyoo ya upofu wa mtoni. Lava huyo hamli kaa wala hanyonyi damu yake. Anachotaka ni mahali pa kushika penye maji yanayopita, achuje chakula kwa vipepeo viwili vya kichwani, yaani mafungu ya nywele yaliyotandazwa kama feni.

Hadi mwaka 1950 watafiti walikuwa wamepekua mawe na majani ya mtoni bila kumpata lava huyu. Ni van Someren na McMahon, wakifanya kazi Kenya, waliotangaza mwaka huo kwamba yuko juu ya kaa. Tangu hapo anayetaka kujua kama kijito kina S. neavei hana haja ya kukaa kutwa akisubiri kuumwa. Anavua kaa. Uganda ilipoanza mpango wa kutokomeza upofu wa mtoni mwaka 2007, ukaguzi wa kaa ukawa sehemu ya kazi ya kawaida katika maeneo kama Mlima Elgon.

Maelekezo haya ni ya mwanafunzi, mhudumu wa afya au mpenzi wa viumbe anayetaka kutoka mtoni na jibu la maswali mawili: huyu ni kaa gani, na amebeba nini? Fuata mpangilio. Makosa mengi hutokana na kuanza na swali la kwanza kabla ya la pili, kwa maana ukishamsugua kaa na kumtia kwenye spiriti ili umpime vizuri, wadandiaji wake wameshaanguka.

Kabla ya kushuka mtoni

Ongea na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Msitu wa hifadhi unahitaji ruhusa ya NFA (mamlaka ya misitu), mbuga ya taifa inahitaji ya UWA (mamlaka ya wanyamapori), na utafiti rasmi unahitaji kibali cha UNCST (baraza la taifa la sayansi na teknolojia). Hilo lisingoje siku ya safari.

Vifaa si vya gharama kubwa: migono sita hadi kumi, ndoo mbili zenye mfuniko, kalipa ya kupimia milimita, lenzi ya mkononi ya mara 10, koleo ndogo yenye ncha nyembamba, brashi laini, vichupa, penseli na karatasi ngumu ya lebo. Peni usichukue, wino wake huyeyuka kwenye spiriti na baada ya mwezi unabaki na kaa asiye na kwao.

Spiriti ya kuhifadhia iwe ethanoli ya asilimia 70 hadi 75. Ukinunua ya asilimia 95, pima mililita 740 kisha ongeza maji mpaka lita moja. Hapo unayo ya 70. Weka pembeni kidogo ya 95 bila kuichanganya, kwa kipande cha msuli wa mguu kitakachotumika kwa DNA. Waragi ya dukani, ambayo kuna watu huijaribu, ni ya asilimia 40 hivi: kaa ataoza taratibu humo ndani. Fomalini hukaza mwili vizuri lakini huharibu DNA.

Kuvua

Chagua kijito chenye kivuli, mawe na maji yanayokimbia. S. neavei ni wa msituni. Msitu ukifyekwa na jua likaingia, hutoweka hata kama kaa wamebaki. Ndani ya mgono funga kipande cha nyama au matumbo ya samaki, kifungwe hasa, kisichukuliwe na kaa wa kwanza akaondoka nacho. Mdomo wa mgono uelekee maji yanakoshukia, kwa sababu harufu husafiri na mkondo na kaa huifuata akipanda. Tia mawe ndani, uegeshe chini ya ukingo wenye mizizi, ufunge kamba kwenye mti. Mvua ya usiku mlimani hubeba mgono usiofungwa.

Tega jioni, tegua asubuhi na mapema. Ukichelewa mpaka mchana, kaa waliojazana huwa wameshakatana miguu na magando, na lava wengine wamebanduka kwa kusuguana. Vaa mikono mirefu, maana usubi huuma mchana. Kaa mshike kwa nyuma, kidole gumba upande mmoja wa gamba na vidole vingine upande wa pili. Gando halifiki hapo.

Kumkagua akiwa hai

Mtoe kaa mmoja mmoja. Usimwoshe. Mgeuzegeuze kwenye mwanga ukiwa na lenzi, ukifuata njia ileile kila mara ili usiruke sehemu: kuzunguka macho, kingo za gamba kushoto na kulia, shina la kila gando, viungo vya mwanzo vya miguu minane, kisha chini, pembeni mwa tumbo lililokunjwa.

Lava anaonekana kama mfuko mdogo wa kahawia au kijivu wenye urefu wa milimita chache, mwembamba kwenye kichwa na mnene upande wa mkia, ambako ndiko ameshikilia. Ukimgusa kwa ncha ya brashi hujikunja lakini haachii. Pupa, yaani hatua kati ya lava na inzi mzima, hatembei: amelala ndani ya kifuko cha hariri kilichobandikwa kwenye gamba, na nyuzi za matamvua ya kupumulia zimechomoza nje kama vijiti vyeupe. Hesabu lava na pupa kila kundi peke yake, uandike palepale.

Mambo mawili huwapoteza wengi. La kwanza ni uchafu. Juu ya kaa utakuta pia ruba, mirija ya matope ya vibuu wengine, hata mbegu. Asiye na vipepeo kichwani si lava wa usubi. La pili ni kaa aliyetoka kujivua gamba: anang'aa, gamba lake linabonyea kidogo, na hana mdandiaji hata mmoja kwa kuwa wote walibaki kwenye gamba la zamani. Huyo mwandike kando na alama ya “gamba jipya”. Ukimhesabu na wengine, anakushushia asilimia bila sababu.

Kumkuta lava juu ya kaa bado si ushahidi kwamba ni S. neavei. Kundi la neavei lina spishi kadhaa zinazodandia kaa, S. woodi wa Milima ya Usambara, Tanzania, ni mmojawapo. Wabandue baadhi kwa koleo, ukishika karibu na mkia, uwatie kwenye kichupa chenye namba ileile ya kaa. Pupa ni wa thamani zaidi kwa utambuzi, kwani idadi na mpangilio wa nyuzi za matamvua ndivyo anavyoanza kutazama mtaalamu wa usubi.

Kumtambua kaa

Hapa kuna nafuu. Kaa wote wa maji baridi wa Uganda ni wa jenasi moja, Potamonautes, katika familia ya Potamonautidae, ndani ya kundi la Brachyura, oda ya Decapoda. Kwa hiyo kazi yote iko kwenye spishi, na huko ndiko ilikojificha ngumu yake, kwa kuwa wanafanana kama kunde.

Rangi iache. Kaa wa kijito kimoja anaweza kuwa wa kahawia, wa zambarau au mweusi kulingana na umri na tope, na kwenye spiriti wote hupauka. Ukubwa wa gando nao udanganyifu: gando lililokatika huota upya dogo.

Anza na jinsia. Mgeuze, tazama tumbo lililokunjwa chini ya kifua. La dume ni pembetatu nyembamba. La jike mzima ni pana, la mviringo, linafunika karibu kifua chote. Jike mchanga ana tumbo jembamba pia na huitwa dume kimakosa, kwa hiyo linyanyue: dume ana jozi mbili za viungo chini yake, jike ana jozi nne. Ukikuta vikaa vidogo vimejazana humo, usishangae. Kaa hawa hawana lava wa kuogelea. Yai huangua kaa kamili na mama huwabeba. Mrudishe majini.

Pili, kingo za mbele za gamba, kuanzia pembe ya jicho kwenda nyuma. Pitisha ukucha. Ukikwaruzwa na safu ya miiba mikali, una P. niloticus, kaa wa mito mikubwa na kingo za maziwa, anayetambulika kirahisi kuliko wote. Ukingo ukiwa laini au una vipunje tu, endelea.

Tatu, mstari ulioinuka unaopita juu ya gamba nyuma ya macho. Je, unafika mpaka kingo zote mbili au unafifia njiani? Una jino mahali unapokutana na ukingo? Kisha mifereji inayokatiza kifua upande wa chini: mingapi imekamilika, na mingapi inaishia nusu? Chora. Mchoro mbovu uliopigwa ukiwa na kaa mkononi unashinda sentensi nzuri iliyoandikwa jioni.

Nne, vipimo: upana wa gamba mahali papana zaidi, urefu wake katikati, kina chake, na upana wa paji kati ya macho. Gawanya kila kimoja kwa upana wa paji. Uwiano ndio unaolinganishwa na maelezo yaliyochapishwa, maana milimita tupu hubadilika na umri.

Tano, na hili ndilo linaloamua: kiungo cha kwanza cha uzazi cha dume mzima. Nyanyua tumbo, kishike cha kushoto kwa koleo kwenye shina, kitoe bila kukivunja ncha. Kitazame pande zote mbili kwa darubini ndogo. Unatafuta urefu wa kipande cha mwisho ukilinganisha na kile kinachotangulia, kinapopindia, na kama ncha ni kali au butu. Dume mchanga hana umbo hilo bado. Jike peke yake mara nyingi hatoshi kupata jina la spishi, na ni heri kuandika “Potamonautes sp.” kuliko kubahatisha.

Mahali kunapunguza orodha, lakini kusikuamulie. Magharibi, kwenye vijito vya misitu, mbebaji mkuu wa S. neavei ni P. aloysiisabaudiae, aliyepewa jina la Duke wa Abruzzi, mwanamfalme wa Italia aliyepanda Rwenzori mwaka 1906. P. loveni ni wa Elgon. P. mutandensis anabeba jina la Ziwa Mutanda, Kisoro. Mwaka 2017 watafiti Cumberlidge na Clark walieleza spishi tatu mpya kutoka eneo la Ziwa Victoria upande wa Uganda: P. entebbe, P. busungwe na P. kantsyore. Kwa hiyo kaa asiyelingana na maelezo yoyote si lazima awe kosa lako.

Ukiandika jina kamili, angalia mabano. Potamonautes aloysiisabaudiae (Nobili, 1906) ina mabano kwa sababu Nobili, aliyemweleza mara ya kwanza, alimweka kwenye jenasi nyingine, akahamishwa baadaye. P. entebbe hana, kwani alianzia Potamonautes.

Kuhifadhi na kuhesabu

Beba madume wazima wawili au watatu tu kwa kila kijito. Wengine warudi walikotoka. Usimtupe kaa hai kwenye spiriti, atajikata miguu kwa mshtuko. Mlaze kwanza kwenye barafu mpaka asijibu akiguswa. Spiriti iwe mara tatu ya ujazo wa kaa, na ibadilishwe baada ya saa 24, kwa sababu maji ya mwilini mwake huizimua. Lebo ikae ndani ya chupa: kijito, wilaya, namba za GPS, tarehe, aliyekusanya, namba ya kaa.

Tuseme umekagua kaa 30, kumi na wawili wana lava, na lava wote ni 54. Waliobeba ni asilimia 40. Wastani ni 1.8 kwa kila kaa aliyekaguliwa, na 4.5 kwa kila kaa aliyebeba. Andika zote mbili, la sivyo msomaji hatajua uligawanya kwa nini. Na ukikosa lava kwa wote 30, usitangaze kwamba kijito ni safi: gawanya 3 kwa 30, upate kwamba hadi kaa mmoja kati ya kumi bado anaweza kuwa amebeba nawe usimwone. Ili kishuke hadi mmoja kati ya mia, inabidi ukague kaa 300 bila kumpata hata mmoja.