Uzamivu wa sayansi ya kompyuta: kutoka majaribio hadi kutetea tasnifu

Pendekezo limepita, data ipo, modeli ya kwanza inafanya kazi. Kuanzia hapa kinachokula miaka mara nyingi si programu bali foleni za watu wengine: wahakiki wa majarida, watahini, vikao vya bodi. Kwa hiyo panga kwa kurudi nyuma. Andika mwezi unaotaka kutetea, toa muda wa kila foleni, kisha ingia kwanza kwenye ile ndefu zaidi huku majaribio yakiendelea.

Ndefu zaidi ni ya makala. Nchini Kenya, miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) ya mwaka 2014 inamtaka mtahiniwa wa uzamivu awe na makala mbili katika majarida yanayohakikiwa. Wanakompyuta hunaswa hapa. Fani yetu huthamini mikutano ya kitaaluma, na mtu anaweza kukubaliwa makala yake katika mkutano mkubwa duniani, bodi ikamwambia kwamba hilo si jarida. Uliza ofisi ya masomo ya uzamili mapema, upate jibu la maandishi. Jarida linaloahidi kukuchapisha ndani ya siku chache ukishalipa, achana nalo. Na mkutano ukiandika kwamba muda wa mwisho ni "AoE", yaani siku inapoisha mahali pa mwisho kabisa duniani, saa 5:59 usiku ya huko ni saa 8:59 mchana wa kesho yake kwetu Afrika Mashariki.

Sasa majaribio, maana hapa ndipo watahini huchimba. Tuseme unatengeneza modeli ya kutambua matamshi ya Kiswahili. Ukigawanya rekodi kwa kuchanganya sentensi tu, sauti ya mzungumzaji mmoja itaingia kwenye data ya kufundishia na ya kupimia. Modeli itakuwa inapimwa kwa sauti ilizokwisha kuzizoea, na kiwango cha makosa ya maneno kitashuka kwa uongo. Gawanya kwa wazungumzaji. Kwa matini ya habari, ondoa nakala kwanza, kwa sababu taarifa moja hurudiwa kwenye tovuti nyingi. Data ya kupimia ifungie kwenye folda yake. Ukiitazama kila baada ya badiliko, umeshaanza kuifundishia.

Rudia kila jaribio mara tano kwa mbegu tofauti za nasibu (namba zinazoanzisha bahati nasibu ndani ya programu), utoe wastani pamoja na kiasi matokeo yanavyotofautiana. Ukiishinda modeli ya kulinganishia kwa nusu asilimia huku mbegu pekee zikitikisa matokeo kwa asilimia moja, hujaishinda. Modeli hiyo pia iwekee mipangilio kwa bidii ileile uliyoipa yako. Kuiacha kama ilivyopakuliwa ni ujanja ambao mtahini mzoefu huuona ukurasa wa kwanza wa majedwali.

Kila namba iliyomo kwenye tasnifu iwe na mambo matatu nyuma yake: toleo la programu kwenye Git (mfumo wa kutunza matoleo ya programu), faili la mipangilio, na amri iliyoitoa. Majedwali yatolewe na programu, yasinakiliwe kwa mkono. Modeli zilizofunzwa hazifai kukaa Git kwa ukubwa wake, basi ziweke kwenye diski mbili na nakala ya tatu nje ya jengo.

Kuandika si kubandika makala pamoja. Alama moja ya kihisabati ibebe maana moja kutoka sura ya kwanza hadi ya mwisho. Turnitin, programu ya kusaka maandishi yanayofanana, itazikamata makala zako mwenyewe, hivyo taja mwanzoni ni sura ipi imetokana na makala ipi, na umweleze msimamizi kabla ripoti haijatoka.

Vyuo vingi hutaka taarifa ya kusudio la kuwasilisha, mara nyingi miezi mitatu kabla. Usiingoje sura ya mwisho. Katika miezi hiyo msimamizi hupendekeza watahini, nawe unaweza kumletea majina kutoka kwa watu unaowanukuu, ilimradi hamjawahi kuandika makala pamoja.

Siku ya kutetea, andaa maelezo ya dakika 20 hadi 30. Onyesho la programu lirekodi kama video, uiweke kwenye kompyuta yako. Intaneti ya ukumbini si ya kutegemea. Swali la hakika ni: kipi ni kipya hapa? Jibu kwa sentensi mbili, kisha taja sura na jedwali.

Marekebisho yapange kwenye jedwali la safu tatu: alichosema mtahini, ulichofanya, ukurasa. Usipokubaliana naye, eleza sababu kwenye safu ya pili, usiiruke. Kujalidi kusubiri mpaka sahihi zote ziwepo, na kabla ya kulipa, pata kwa maandishi rangi ya jalada na maneno ya mgongoni.