Jinsi ya kuomba ruhusa ya kupiga picha kiota cha tai, Shimba Hills, Kwale

Kwa tembo na palahala (swala wakubwa wenye pembe zilizopinda), tiketi ya langoni yatosha: unapiga picha garini, jioni unarudi Likoni kupanga foleni ya feri. Kiota cha tai ni habari nyingine. Utashuka garini, utaacha njia, utakaa karibu na mti mmoja siku kadhaa. Hayo yanataka ruhusa ya mhifadhi mkuu.

Kwanza jua ardhi iko chini ya nani. Hifadhi ya Shimba Hills, nenda Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS). Mikoko ya Tudor, Mombasa, Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Kiota kikiwa juu ya mbuyu shambani kwa mtu, piga hodi kwa mwenyewe.

Kisha andika barua, na hapa usiwe na haraka. "Naomba kupiga picha za ndege" haimsaidii mhifadhi kuamua lolote. Mweleze ni ndege gani, kiota kimefikia hatua gani, utakaa umbali gani na lenzi ya milimita ngapi, mko wangapi, tarehe na saa. Taja kwamba hutakata hata tawi moja ili kiota kionekane. Tai mwenye kishungi, yule anayewinda kima, hulalia mayai siku 50 hivi, na kinda hukaa kiotani zaidi ya miezi mitatu. Basi omba tarehe za mwishoni, kinda akishaota manyoya. Mzazi akifukuzwa mapema, mayai huachwa juani. Na kwa viota vya huku mjini Mombasa, kunguru hawangoji kukaribishwa. Ambatisha nakala ya kitambulisho.

Ada za KWS hulipwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, si taslimu, kwa hivyo fungua akaunti ukiwa bado nyumbani.

Video ya kuuza au kuonyesha hadharani inahitaji leseni ya filamu chini ya Sura ya 222 ya Sheria za Kenya. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA) na cha KWS pia. Kwa kiota, mimi ningeiacha nyumbani: tai huishambulia kama adui.

Siku yenyewe, fika langoni na barua ya ruhusa mkononi, uombe askari akusindikize. Mle mna tembo. Ndege akilia mfululizo au akikataa kurudi kiotani, ondokeni, hata kama muda wenu haujaisha. Na kabla ya kumtumia mtu yeyote picha, futa alama ya mahali ilipopigwa.